Siku nne Dubai, na kila Mswahili niliyemkuta alikuwa kazini

Leo hakuna habari ya nani kaachwa wala nani kafumaniwa. Leo mwenzenu nawapeleka Dubai.

Si mnajua hili jina linavyotuchanganya vijana? Staa akipotea mjini siku mbili, ya tatu utamuona kaegemea gari ya mamilioni, nyuma yake Burj Khalifa, chini kaandika anapumzisha akili. Na sisi huku Jang'ombe, barazani, simu inapita mkono kwa mkono: hebu muone huyu, hebu muone! Kuna mwengine nauli ya daladala ya kwenda Fuoni anakopa, lakini bei za hoteli za Dubai anazijua kuliko wenye hoteli.

Basi nimekwenda. Januari 2025, Mapinduzi yalipopita tu. Nauli nimelipa mwenyewe, pesa za kupaka piko maharusi nilizoziweka mwaka mzima. Visa na chumba kanibeba mama mdogo, anauza mabuibui Darajani na kwake yeye Dubai ni kama kwenda Mwanakwerekwe. Anafuata mzigo kule tangu mie niko skuli.

Januari ndio wakati wenyewe. Joto limepungua, na mwanzoni mwake huwa lipo lile tamasha la manunuzi, Dubai Shopping Festival, lilianza 1996, maduka yanashusha bei. Kutoka kwetu kuna ndege ya moja kwa moja, saa tano na nusu hivi, ukishuka unasogeza saa yako mbele saa moja. Tukafikia Deira, kwa wafanyabiashara, si huko kwa mastaa.

Tusidanganyane, pazuri. Treni haina dereva na inakwenda tangu 2009, mie nimesimama dirishani mdomo wazi. Burj Khalifa mita 828, ukiitazama mpaka juu shingo inauma. Lakini kilichonishika moyo ni ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mji. Unavuka kwa mashua kutoka Deira mpaka Bur Dubai kwa dirham 1, kama shilingi 700 zetu hivi, na pembeni majahazi yamefunga yanapakia friji na matairi. Mama mdogo kaniambia, "Mzee wako babu angefufuka leo, hapa tu ndipo angepajua."

Siku ya pili tukaenda jangwani. Dereva Mpakistani, mcheshi, Kiswahili chake ni "hakuna matata" na "haraka haraka", basi. Mchanga wa Lahbab mwekundu kama udongo wa shamba, gari inapanda na kushuka, mama mdogo anasoma kila dua anayoijua. Tulipotulia dereva akaanza kutupa habari. Kasema huko Ras Al Khaimah, kama mwendo wa saa moja, kwenye kisiwa cha kujengwa na watu kinachoitwa Al Marjan, inapanda hoteli ya Wynn na ndani yake kutakuwa na kasino. Ndio kampuni ya kwanza kupewa leseni hiyo Emirates, Oktoba 2024, na wanatarajia kufungua 2027.

"Astaghfirullah," mama mdogo kasema. "Na huku imefika!"

Wenye kuangalia filamu mnaijua Las Vegas, jiji la jangwani kule Nevada, Marekani. Serikali ya kule iliruhusu kamari 1931, wakati uchumi umewabana, na jiji likanenepa kwa watu wanaokuja siku tatu nne, wanaacha pesa, wanaondoka. Dubai haina kasino lakini njia ni ile ile: jangwa, taa, na mgeni asiyekaa. Mwaka 2024 walilala wageni zaidi ya milioni 18. Sasa jiulize, milioni 18 hao nani anawatandikia vitanda?

Nakuja huko. Kwanza niwape yenu mnayoyapenda.

Kambini jangwani, tunasubiri chakula, nikamuona. Jina nalihifadhi, msinibembeleze. Ni wa Bongo, mnamjua, na picha zake wengi wenu mnazo kwenye simu. Kaja na begi moja kubwa na kijana mmoja wa kamera. Kabla jua halijazama kabadilisha nguo mara nne nyuma ya hema: gauni refu, jinzi, baibui la dhahabu, halafu gauni jengine. Mchanga ule ule, anageuzwa upande tu. Chakula kimepakuliwa, watu tunakula mishikaki, yeye yuko juu ya kilima anaambiwa cheka, usicheke, angalia mbali.

Nikamsogelea. "Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Una pini?"

Ninayo, ya mtandio wangu. Gauni lilikuwa pana mgongoni, nikambana. Nikamuuliza anaondoka lini. Kasema alfajiri, kaja jana yake. Nikamwambia mbona haraka hivyo? Kacheka. "Nguo hizi za watu mdogo wangu, zinarudi dukani. Nikizichafua nalipa. Wewe unadhani hii starehe?"

Mpaka mwezi wa tatu picha zile zilikuwa zinatoka. Moja kaandika ni wiki yake ya pili Dubai, na barazani kwetu watu roho ziliwauma kweli kweli. Mie nilinyamaza. Sikumcheka, maana mtu aliyeacha kula ili amalize kazi yake mie namheshimu. Lakini likizo ile haikuwa.

Sasa ya vitanda. Nina ndugu yangu, mtoto wa shangazi, yuko kule mwaka wa tatu. Vijana wetu mtaani wanabeti mikeka ya mia tano mia tano na wazazi wanapiga kelele kamari haramu. Ndugu yangu huyu mkeka wake ulikuwa kiwanja. Baba yake kauza kiwanja cha Fuoni, pesa kapewa wakala, wakala kamtafutia kazi ya ndani. Pasipoti ikachukuliwa na mwajiri, simu anapewa Ijumaa tu. Miaka miwili. Mkataba ulipokwisha, rafiki kamshika mkono, akapata usafi wa vyumba hotelini, na hapo ndipo alipoanza kupumua. Yeye mkeka wake umechanika nusu tu. Kuna waliorudi na begi tupu, na kuna ambao makwao mpaka leo simu inaita haipokelewi. Dereva anatwambia kasino inakuja 2027. Kwetu sisi meza ilishafunguliwa siku nyingi.

Siku ya tatu alikuwa na mapumziko, nikaenda anapoishi. Kule wengi wa hali yake hawapangi chumba, wanapanga kitanda. Wako wanane, vitanda vya juu na chini, kila mmoja kajifungia pazia lake, na wa zamu ya usiku wamelala, kwa hiyo tunazungumza kwa kunong'ona. Cha kwake cha juu. Na ile picha aliyokaa kwenye kochi la dhahabu, ambayo shangazi kaitundika ukumbini na kila mgeni anaoneshwa, ni mapokezi ya hoteli. Kaipiga siku ya kwanza ya kazi kabla hajapewa sare.

Jioni nikamwambia twende Burj Khalifa, tupande mpaka ghorofa ya 124 kama watu. Miaka mitatu hajawahi. Tukaangalia bei, zaidi ya dirham 150 kwa mtu mmoja. Kanivuta mkono. "Hiyo polo la mchele nyumbani. Twende tukaone maji, ya bure."

Chini ya jengo kuna bwawa, usiku kila nusu saa maji yanaruka na muziki. Tukapata pa kukaa. Maji yakaruka juu kama minazi, watu wanapiga mayowe, simu zote hewani. Nageuka kumwambia aone, kalala. Kichwa begani kwangu, mdomo wazi kidogo, katika kelele zote zile. Sikumuamsha mpaka mchezo wa tatu. Picha pia sikupiga.

Tukiagana kituo cha treni kasema, "Ukifika mwambie mama nimenenepa."

Ndani ya ndege nilipiga hesabu. Mama mdogo siku nne kashinda kwenye maghala anabishania bei, usiku anafunga mizigo kwa kamba. Staa kazini. Ndugu yangu kazini. Vijana wawili wa Mombasa niliosikia wanazungumza Kiswahili mlangoni mwa duka, ni walinzi. Kila Mswahili niliyemkuta kwenye jiji la starehe alikuwa kazini.

Na sisi Waunguja ndio tusingehitaji kuambiwa. Mwaka 2024 kisiwani kwetu waliingia wageni zaidi ya 700,000. Huko kwao kuna kijana anatazama picha ya Nungwi, bahari buluu, madafu, anasema hawa watu wanaishi peponi. Wewe uliyezaliwa Jang'ombe unaijua pepo hiyo kwa nyuma. Una kaka anapanda daladala alfajiri kwenda Kiwengwa, anaingia mlango wa wafanyakazi, jioni anafunguliwa begi ndio atoke, na ule ufukwe wenye picha hakanyagi bila sare. Hakuna anayemtazama kaka huyo akadhani tajiri. Sasa mbona akivuka bahari tu, kazi ile ile, tunamhesabu bosi na kumtumia orodha?

Maana orodha ninazo. Mie mwenyewe siku nne tu nilitumiwa ujumbe kumi na moja: perfume, kava la simu, viatu namba 42, kanzu ya mtoto. Yeye anazipata miaka mitatu.

Nilipofika, shangazi kaja siku ile ile, hata begi sijafungua. Anauliza kwa hamu, anaonekanaje, kanenepa?

Nikamwambia, "Mzima, anakusalimia sana. Anachoka."

"Anachoka na nini, na kule kila kitu mashine?"

"Anatandika vyumba kumi na nne kwa siku, shangazi. Kwa mikono. Na chumba anacholala wako wanane."

Kanyamaza. Chai ikapoa. Baadaye kauliza kitu kimoja tu, "Na lile kochi?" Nikamjibu la hotelini. Kaaga, kaondoka.

Usiku nikamrekodia ndugu yangu sauti, nikamwambia ukweli kwamba nimesema. Siku mbili hakunijibu, nikajua kanuna, na ana haki. Siku ya tatu kaniandikia: "Mama kapiga. Hajataka kitu. Kaniuliza jana nimelala saa ngapi." Sijuti.

Haya, mnaotaka kwenda, nendeni, mie sikatazi. Nendeni Desemba mpaka Februari, msikubali bei ya kwanza ya safari ya jangwani, mashua ya dirham 1 msiikose, na maji ya Burj Khalifa ni bure. Viatu vya kutembelea, si vya picha. Na kama una ndugu kule, kabla hujamwandikia perfume, muulize siku yake ya kupumzika ni ipi, halafu siku hiyo usimpigie mpaka mchana.

Na wewe staa, najua unanisoma. Pini yangu.