Somo Nililolichagua kwa Ajili ya Delta

Nilipojifunza uuguzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi hakuulizwa anataka nini. Tulikuwa Nesi B, na ratiba ilibandikwa ukutani ikiwa imekamilika: ukunga, magonjwa ya watoto, upasuaji, afya ya mazingira. Ulichopangiwa ndicho ulichosoma, na ulikopangiwa ndiko ulikokwenda. Mimi nilipangiwa zahanati ya visiwani katika delta ya Rufiji, safari ya mashua kutoka Nyamisati, wakati huo Kibiti bado ikiwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji.

Delta haikupi nafasi ya kusema kazi hii si yangu. Asubuhi unachanja watoto, mchana unamsafisha kidonda mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa, usiku unazalisha kwa mwanga wa chemli. Rufaa ilikuwa mkononi mwa bahari. Maji yakipwa, mkondo unakauka, mashua inakaa juu ya tope katikati ya mikoko, na mzazi anayetoka damu anangoja maji yajae. Tulijifunza kufanya kila kitu kwa kiasi, kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Mwaka 2009 nilipata nafasi ya kwenda kusoma shahada, miaka minne. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza orodha ya kozi za kuchagua. Wenzangu wengi walikwenda kwenye uangalizi wa wagonjwa mahututi, na walikuwa na sababu nzuri: hospitali kubwa za Dar es Salaam ziliwahitaji, na ajira ilikuwa huko. Mimi nikachagua tiba shufaa, yaani kumhudumia mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi. Darasani tulikuwa wachache, viti vya mbele tu.

Nilikuwa na sura za watu kichwani. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wanawake wa delta walifika Taasisi ya Saratani Ocean Road wakiwa wamechelewa. Wakimaliza mionzi walirudi kwao na faili na maumivu, na kabatini mwangu kulikuwa na Panadol. Usiku mtu analia, nyumba nzima haipati usingizi, majirani wanasikia. Sikuhitaji mwalimu wa kunieleza umuhimu wa kozi ile.

Niliporudi delta, mgonjwa wangu wa kwanza wa namna hiyo alikuwa mama wa makamo aliyelazwa chumba cha nyuma, peke yake, kwa sababu ya harufu. Nilimwamkia nikaketi ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia anionyeshe maumivu kwa vidole: ngumi ni hakuna, mkono mzima ni yasiyovumilika. Akafungua vidole vyote vitano, kisha akainua na mkono wa pili. Nilisaga vidonge vya flajili kwa mgongo wa kijiko mpaka vikawa unga, nikamnyunyizia kwenye kidonda baada ya kukiosha kwa maji ya chumvi. Morfini ya maji tuliyopewa Ocean Road nilimfundisha binti yake kuipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nikazungushia plasta pale dawa inapotakiwa kuishia, maana binti hakujua kusoma namba. Mbegu za papai tulizianika tukazitwanga, zimsaidie choo, kwa kuwa morfini hufunga tumbo. Hilo la papai tulifundishwa kuwa limetoka Uganda, kwenye hospisi iliyoanzishwa na Dakta Anne Merriman mwaka 1993. Baada ya siku chache ile harufu ilipungua na wajukuu wakaanza kuingia chumbani. Binti akaniambia, “Sista, jana mama amelala mpaka adhana.”

Nimesikia hoja kwamba nchi yenye upungufu wa wauguzi haina sababu ya kuwapa wanafunzi masomo ya kuchagua. Wafundishwe ya lazima wakafanye kazi. Mimi naona kinyume chake. Muuguzi anayefanya kila kitu anahitaji jambo moja analolijua mpaka chini kabisa, kwa kuwa hakuna bingwa atakayepanda mashua kumfuata.

Nao wanafunzi walibadilika polepole katika wanachokichagua. Wanafunzi wa shahada wa mwanzo niliowapokea Kibiti kwa mafunzo ya vitendo walitaka wodi ya wazazi tu. Mwaka 2017 ukawa wa mauaji, viongozi wa vijiji na askari polisi wakiuawa katika maeneo yetu, na tukaanza kupokea watu wasiolala, wanaoumwa kichwa kisichotokana na malaria, wanaoshtuka mlango ukigongwa. Hali ilipotulia alikuja mwanafunzi aliyechagua afya ya akili. Alikaa mkekani na wajane, hakuandika chochote mbele yao, na wengine walizungumza kwa mara ya kwanza. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 na kimbunga Hidaya mwezi uliofuata, wakaja wengine wanaouliza juu ya majanga: maji salama, kipindupindu, namna ya kuokoa chanjo umeme ukikatika. Na tiba shufaa sasa ina wanaoitaka. Wasichana waliochanjwa kinga ya saratani ya mlango wa kizazi tangu 2018 watazeeka kwa amani zaidi, lakini mama zao wapo, na wanahitaji mtu leo.

Kilichobaki ni nauli. Mafunzo kwa vitendo hupangwa pale lami inapofika, na boti ya kwenda visiwani haimo kwenye bajeti ya mwanafunzi. Kila mwaka naandika barua kuomba iingizwe, na nitaandika tena semista hii. Wanafunzi wawili wa tiba shufaa wameomba wiki zao wazimalizie Mbwera, kule delta, nami nataka wapelekwe kwa fedha za mafunzo, si kwa fedha za mfukoni mwa wazazi wao.