Kibali cha kazi cha kwenye gemu

Najua kibaraza hiki kimelala muda mrefu, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nipo. Nipo jamani, zamu tu zimenibana. Leo nimepumzika, na kuna jambo moja ambalo nimeulizwa na watu watatu wa nyumba moja ndani ya wiki moja. Badala ya kumjibu kila mtu kivyake kwenye simu, naona niliandike hapa wote msome. Linahusu mpira. Msicheke, nakuja.

Mnakumbuka ile laptop yangu ya zamani niliyomtumia kijana wa kaka? Nilidhani itamsaidia masomo. Kumbe imegeuka makao makuu ya Aston Villa! Anacheza gemu linaitwa Football Manager. Kwa wasiolijua, siyo lile la kubonyeza vitufe mchezaji akapiga chenga. Hili wewe ni kocha na bosi wa usajili. Unapanga timu, unauza, unanunua, unagombana na wakurugenzi. Lilianzishwa na ndugu wawili wa Kiingereza, Paul na Oliver Collyer. Toleo la kwanza lilitoka 1992 likiitwa Championship Manager, na jina la sasa lilianza 2004. Kazini kwetu kuna mkaka mmoja msaidizi wa wodini ambaye akiongea kuhusu "vijana wangu" wageni hudhani ana watoto kumi na moja.

Kijana alichagua Villa kwa sababu shangazi yake anaishi Birmingham. Heshima hiyo nimeipokea. Basi siku moja, mimi natoka zamu ya usiku, macho hayafunguki, naona ujumbe: "Shangazi wamemnyima kibali!" Moyo ulilipuka. Nikawaza ni nani kwenye ukoo wetu aliyekuwa anaomba viza bila mimi kujua. Kumbe ni mshambuliaji wa kwenye kompyuta, Mtanzania wa miaka 18 aliyetengenezwa na gemu lenyewe. Skauti wake kamwambia huyu ni dhahabu, bei ni ya kutupa, halafu kompyuta inasema kibali cha kazi hakitatoka. Akaniuliza mimi kwa sababu, maneno yake haya, "wewe si ndiyo mtaalamu wa vibali."

Nikamwambia ngoja nilale kwanza. Nilipoamka nikaanza kusoma, na nikamuuliza na yule mkaka wa wodini. Ninavyoandika hapa ni yale niliyoyaelewa, na ninavyoona watengenezaji wa gemu hili hawakubuni ukatili wowote. Wamechukua sheria za Uingereza kama zilivyo wakaziingiza ndani. Hata Brexit waliiingiza! Toleo la 2017, lililotoka mwishoni mwa 2016, lilikuwa na Brexit ndani yake, na kila ukianza mchezo upya ingeweza kutokea kwa namna tofauti: wachezaji wa Ulaya waendelee kuingia bure, au nao waanze kuomba kibali kama sisi wengine. Wakati huo serikali yenyewe ilikuwa bado haijui itatokaje.

Sheria yenyewe iko hivi. Zamani, mchezaji wa nje ya Ulaya alitakiwa awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu yake ya taifa kwa miaka miwili, na taifa hilo liwe ndani ya 70 bora za FIFA. Mwaka 2015 wakabana, ikawa 50 bora. Asilimia ikashuka kadiri nchi ilivyo juu: nchi ya kumi bora ilihitaji asilimia 30 tu, ya 31 hadi 50 ilibaki na 75. Tangu Januari 2021 ni pointi. Mchezaji anatafuta pointi 15 kutoka kwenye mechi za timu ya taifa, ubora wa ligi anayotoka, dakika alizocheza, nafasi ya klabu yake na mashindano ya bara. Chama cha soka cha Uingereza kikiridhika kinatoa barua ya kumuunga mkono, ndipo klabu iende kwenye mambo ya viza.

Sasa mchukue kijana wa kwetu umpitishe hapo. Tanzania haijawahi kuingia 50 bora tangu orodha ya FIFA ianze 1992, kwa hiyo upande wa timu ya taifa haumpi cha maana. Ligi yetu, pamoja na kelele zote za Kariakoo, kwenye makundi yao ya ubora iko chini kabisa. Anabaki na miguu yake, na miguu haina safu kwenye jedwali. Kipindi kile cha kabla ya 2021, kijana wa Ufaransa au Ureno mwenye uwezo nusu ya wake alipanda ndege tu akaja. Hilo ndilo lililomuuma kijana wetu, na akaandika kwa herufi kubwa: "ILA HUYU NI BORA KULIKO WOTE!" Ndiyo baba. Hakuna aliyebisha.

Sitaki mdhani ni mambo ya kompyuta tu. Wakenya watakumbuka Januari 2010, McDonald Mariga alipokuwa Parma na Manchester City wakamtaka. Kibali kikagoma kwa sababu Kenya ilikuwa chini kwenye orodha. Raila Odinga, aliyekuwa waziri mkuu, akaingilia kuzungumza na serikali ya Uingereza, lakini dili likafa. Mariga akaenda Inter Milan, na miezi michache baadaye alikuwa kwenye kikosi kilichobeba kombe la mabingwa wa Ulaya! Yaani alitosha kwa bingwa wa Ulaya lakini hakutosha kwa kaunta ya vibali. Mdogo wake Victor Wanyama alipitia Ubelgiji, akaenda Celtic ya Scotland 2011, halafu Southampton 2013.

Ubelgiji ndiko wachezaji wa gemu wanakokimbilia wakikwama. Unamnunua kijana, unampeleka kwa mkopo klabu ya Ubelgiji, unasubiri akomae. Kule hawaweki ukomo wa idadi ya wageni kama nchi nyingine, ila asiye wa Ulaya lazima alipwe mshahara usiopungua kiwango walichokiweka, kwa hiyo hawamchukui mtu wa kumjaribu tu. Hili nalo lilianza uwanjani kabla ya kompyuta. Manchester United walimnunua Mchina Dong Fangzhuo Januari 2004, kibali hakikupatikana, wakamweka Royal Antwerp mpaka 2006.

Na Samatta wetu. Mimi nilikuwa nimefika Birmingham miezi michache tu alipotua Villa, Januari 2020, na siwezi kuwaeleza ile raha. Nilikuwa namwonyesha kila mgonjwa picha yake! Lakini hebu hesabuni safari yake. African Lyon, Simba, TP Mazembe kuanzia 2011, bingwa wa Afrika 2015 na mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya Afrika mwaka huo huo. Genk Januari 2016, ubingwa wa Ubelgiji 2019, bao la kichwa pale Anfield dhidi ya Liverpool Novemba 2019. Baada ya yote hayo, kwa kuwa nchi yetu ilikuwa nje ya 50 bora, njia ya kupita moja kwa moja bado haikuwepo kwake. Alikuwa na miaka 27. Akafunga mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga na kwenye fainali ya kombe la ligi Wembley dhidi ya Manchester City. Septemba hiyo hiyo akaenda Fenerbahçe.

Mniruhusu kidogo nijilinganishe, maana kijana aliniuliza: "Wewe shangazi ulipataje, na Tanzania ni hii hii?" Swali zuri. Mimi nilifanya mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta wa uuguzi, na nilipofika huku mtihani wa vitendo, unamhudumia mgonjwa wa kuigiza huku mtu amesimama na karatasi anakuandika. Mtihani ule ule aliufanya Mfilipino na Mhindi niliokuja nao. Hakuna aliyeniuliza Tanzania ni ya ngapi duniani kwa kuchoma sindano. Nchi yangu ilihesabiwa kwa namna nyingine tu: hospitali za huku haziruhusiwi kuja kwetu kutafuta wauguzi, kwa sababu tuko kwenye orodha ya nchi zenye upungufu, kwa hiyo niliomba mwenyewe, bila wakala. Shahada yangu nilisoma mimi, nikafeli au nikafaulu mimi. Kijana wa mpira anabeba na mabeki wa Taifa Stars mgongoni. Wakifungwa wao, anashuka na yeye, hata kama hayumo kikosini. Naliona hilo si haki na sitalipamba.

Sasa nifike nilikokuwa naenda. Mtu wa pili kuniuliza alikuwa kaka, na wa tatu mama. Kuna bwana amefika nyumbani Morogoro. Amemwona kijana akicheza uwanjani, amemsifu (na kweli anajua, mimi shangazi yake nasema), na ameacha barua ya klabu ya madaraja ya chini ya Uingereza yenye mihuri mitatu. Barua inasema kibali cha kazi kimeshapatikana, kinachobaki ni milioni sita za "kukikomboa", nusu sasa, nusu viza ikitoka. Mama ameanza kuzungumzia kile kiwanja.

Kaka, nimeisoma picha ya barua mara nne. Kijana ana miaka 16. Kanuni za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji nchi hadi nchi kabla hajatimiza 18, isipokuwa kwa mambo machache: wazazi wawe wamehama kwa sababu zisizo za mpira, au aishi karibu kabisa na mpaka, au awe ndani ya Ulaya yao na ana miaka 16 na kuendelea. Hiyo ya mwisho hata klabu za Uingereza hazina tena tangu 2021. Morogoro haiko mpakani na Uingereza.

Halafu hicho kibali cha kukombolewa. Kibali cha kufanya kazi huku hakiuzwi kwa mfanyakazi. Mwajiri ndiye anayeomba leseni ya kuleta wageni, na ndiye anayekutolea cheti cha udhamini. Mimi changu kilikuja kama namba tu kwenye barua pepe, hakikuwa na muhuri hata mmoja. Kwa mchezaji lazima kwanza chama cha soka kimpitishe kwa zile pointi. Ni kweli tangu Juni 2023 kuna nafasi chache za wachezaji wasiofikisha 15, hadi nne kwa klabu za madaraja mawili ya juu, hadi mbili kwa yale mawili yanayofuata. Nafasi adimu hivyo klabu haimpelekei mtu azungushe na bahasha mitaani. Na wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, jina lake linatafutwa kwenye tovuti yao bure.

Yanayowapata wanaolipa yanajulikana siku nyingi. Kuna Mcameroon aliyekuwa mchezaji, Jean-Claude Mbvoumin, alianzisha chama Paris mwaka 2000, Culture Foot Solidaire, kwa ajili ya vijana wa Kiafrika walioletwa Ulaya kwa ahadi za majaribio kisha wakaachwa. Familia zao nazo ziliuza vitu.

Nilijua kijana atasema shangazi ananizibia. Kwa hiyo sikumhubiria. Gemu lina sehemu ya kutengeneza mchezaji wako mwenyewe, nikamwambia ajiweke. Jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, Mtanzania, hajawahi kuitwa timu ya taifa. Uwezo ajipe anaoutaka, nisimpangie. Alijipa wa juu kabisa, mbio ishirini kwa ishirini, sawa tu. Kisha aende Villa kwenye kiti chake cha ukocha ajisajili.

Alikaa kimya siku mbili. Jumapili akaniandikia: "Shangazi, nimeshindwa kujisajili. Wanasema mpaka nifikishe 18, na hata hapo kibali hakuna." Nikamuuliza sasa kocha utafanyaje. Akasema anaangalia Ubelgiji, lakini kwanza inabidi yule kijana acheze sana huko kwao, na timu ya vijana ya taifa imwite.

Kaka, bwana yule akirudi mwombeni namba yake ya leseni, mnitumie kabla hamjamkaribisha chai. Jina la klabu nimeliona kwenye barua, na Jumanne nina nafasi asubuhi, nitawapigia simu ofisini kwao mwenyewe niwasomee sahihi iliyopo. Mama, kiwanja kibaki kilivyo, na hati irudi kwenye lile sanduku la bati. Viatu vya kijana namba 42 nimeshanunua, vinakuja na dada wa Ilala anayesafiri mwisho wa mwezi. Wifi, nipe namba ya mwalimu wake wa mpira wa shule, nataka kumuuliza mashindano ya mkoa ni lini.