Kutoka Ilford Hadi Whitechapel



Ijumaa moja ya majira ya baridi tulisimama kituoni Ilford, mashariki ya London, pamoja na mzee mwenzetu, baharia mstaafu wa Mombasa, tukilingojea basi namba 25. Mzee huyu alivuka bahari nyingi ujanani mwake, lakini kwa miaka mitano alikuwa hafiki msikitini ila pale mwanawe alipopata nafasi ya kumpeleka kwa gari. Mguu wake ni mbovu, na nauli aliihesabu mara mbili kabla ya kutoka nyumbani.

Hapo awali tulipomwuliza kwa nini hakuiomba kadi ya Freedom Pass, alitujibu, "Mwalimu, mimi sijazoea kunyoosha mkono."

Tulimweleza kuwa hiyo si sadaka. Mpango huu ulianzishwa London mwaka 1973, na gharama zake hulipwa na halmashauri za mitaa kwa fedha za umma, ambazo yeye naye alizichangia kwa kodi yake. Kadi hupewa mkazi wa London aliyefikia umri wa pensheni ya serikali, ambao ni miaka 66 na unapanda kuelekea 67. Mwenye ulemavu unaostahiki hangoji umri huo. Aliyetimiza miaka 60 na hajafikia pensheni ana kadi nyingine, 60+ London Oyster.

Basi liliinama upande wa mlango, mzee akapanda bila kushikwa mkono. Aliigusisha kadi kwenye mashine ya manjano, ikalia, naye akatabasamu kama mtoto siku ya Idi. Tukapita Manor Park, kisha Stratford. Tulipovuka mto Lea karibu na Bow alichungulia dirishani, akasema, "Maji haya hayatoshi hata ngalawa." Baada ya Mile End likatokea kuba la msikiti wa Whitechapel, uliofunguliwa mwaka 1985. Tuliwahi hotuba tangu mwanzo.

Wasomaji na wayazingatie masaa. Siku za kazi kadi ya wazee haifanyi kazi London kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa tatu asubuhi. Sisi tulilijua hilo kwa kutahayari, tukienda hospitali mapema, mbele ya foleni nzima. Kadi ya wenye ulemavu haina kizuizi hicho katika mabasi ya London. Tangu mwaka 2008 kadi hizi hukubaliwa pia katika mabasi ya kawaida kote England, siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku, na siku za mapumziko kutwa. Scotland na Wales zina mipango yao wenyewe.

Vijana, waulizeni wazee wenu kama wanayo kadi, na muwajazie fomu. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na wengi wao wanaona haya kuuliza.

Juzi mjukuu wa mzee alimwomba amwazime kadi aende mjini. Mzee akaitoa, akamwonyesha picha. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, babu."

"Basi niache mimi nipande. Hii ni amana."