Betri ya shangazi inakaribia kuisha

Shangazi yangu ana betri mwilini. Iko chini ya ngozi, sehemu ya juu ya kalio, na waya mwembamba unatoka hapo hadi kwenye mshipa wa fahamu unaopita katika mfupa wa chini ya mgongo. Mshipa huo ndio unaohudumia misuli ya njia ya haja kubwa. Kifaa huupelekea umeme kidogo sana, usiku na mchana. Bila huo umeme, shangazi hawezi kuzuia choo.

Amenipa ruhusa niandike, kwa sharti nisimtaje jina. "Andika, mwanangu," aliniambia kwenye simu. "Wapo wanaojifungia ndani miaka na miaka kwa aibu."

Yake yalianzia kwenye uzazi. Alichanika vibaya kwa mtoto wa pili, akapona, akadhani yamekwisha. Tatizo lilijitokeza alipopita miaka hamsini, akiwa anaishi Uingereza. Hawakukimbilia kifaa. Walianza na chakula, dawa za kukaza choo na mazoezi ya misuli ya nyonga. Baadaye wakamjaribu kwa waya wa muda, betri ikining'inia kiunoni, huku akiandika kwenye daftari kila mara choo kilipomponyoka. Zile mara zilipopungua zaidi ya nusu, ndipo wakamwekea cha kudumu.

Hilo neno "kudumu" lina walakini. Betri ya aina yake, isiyochajiwa, hukaa miaka kama mitano. Umeme ukiongezwa nguvu, inaisha mapema zaidi, ndiyo maana muuguzi humwekea kiwango cha chini kabisa kinachomtosha. Na inapoisha haipigi kengele. Mwenye nayo hushtukia safari ya sokoni imeharibika, kisha na ya kanisani, na nyumbani watu wanaanza kunong'ona kwamba ugonjwa umezidi, kumbe ni betri. Shangazi huangalia kwenye rimoti yake ndogo. Sasa inamwambia muda umekaribia.

Kubadilisha ni kazi ndogo kuliko kuwekewa mara ya kwanza. Hufungua palepale penye kovu, hutoa kisanduku cha betri, hupima kama waya bado ni mzima, kisha huchomeka kipya. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Cha kuogopa zaidi ni kidonda kuingia vijidudu, kwa sababu hapo huenda kifaa chote kikatolewa.

Shida ni kwamba shangazi anataka kurudi Tanga moja kwa moja. Hospitali mbili tulizouliza huku nyumbani hazina mtu wa kukirekebisha kifaa hicho. Na kule, matibabu ya bure ya hospitali ni ya mkazi. Akishahama, huenda akadaiwa. Kwa hiyo betri atakayowekewa sasa ndiyo atakayozeeka nayo.

Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. Binamu yangu alitaka ile ya kuchaji, ambayo imetengenezwa ikae miaka 15 au zaidi. Unavaa mkanda wenye chaja juu ya ngozi, unakaa saa moja hivi, basi. Mimi sikuogopa umeme wa Tanga kukatika, kwa kuwa haichajiwi kila siku. Niliogopa chaja kuharibika, nayo si ya kununua dukani. Niliogopa pia vidole vya shangazi, ambavyo siku hizi hata kifungo cha gauni vinakihangaikia.

Yeye alitusikiliza wote, halafu akamuuliza daktari kuhusu zile mpya zisizochajiwa, zinazoweza kupita miaka kumi kwa matumizi ya kawaida. "Nimechaji simu za watoto na wajukuu inatosha," alisema. Nadhani amechagua vizuri, ingawa binamu bado amenuna.

Tiketi tumeisogeza mbele hadi kidonda kipone na kifaa kirekebishwe. Ameomba barua yenye jina na aina ya kifaa, kwa sababu daktari yeyote lazima ajue kabla ya kumwingiza kwenye kipimo cha MRI. Barua hiyo na kadi ya kifaa vitakaa kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye sanduku, anasema, ameshajaza vitenge.