Kipande Kilichokatwa

Picha ya sinema iitwayo Frankenstein ilitolewa Marekani katika Novemba 1931, na tangu hapo imewatia hofu watu wa vizazi vingi. Miongoni mwao alikuwamo mtoto mmoja wa Chicago, mwenye umri wa miaka minane, aliyeitazama usiku katika televisheni ya nyumbani kwao. Mwaka 1957 picha 52 za zamani, nyingi zikiwa za kutisha, zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya televisheni, nazo zikawaingilia watu majumbani saa ambazo iliwapasa watoto kuwa wamelala. Bibi yake alikuwa akisinzia kitini. Kaka yake, aliyemzidi kwa miaka mitano, alikaa karibu naye akijifanya jasiri.

Habari ya picha ile aghalabu hujulikana hata na wasiopata kuiona. Henry Frankenstein, kijana mwenye elimu nyingi na busara chache, anakusanya viungo vya maiti, anavishona pamoja, na kwa nguvu ya umeme wa radi anavitia uhai. Kiumbe kinachotokea hakina jina. Jina ambalo ulimwengu umekibandika ni la muumba wake. Aliyekiigiza ni Boris Karloff, mzaliwa wa London, na mwanzoni mwa picha, mahali palipostahili jina lake, pametiwa alama ya kuuliza.

Mtoto yule alistahimili yote, hata uso ule wenye kope nzito, mpaka habari ilipofika ziwani. Hapo binti mdogo, Maria, anacheza peke yake. Zimwi linatokea vichakani. Binti hakimbii, analishika mkono, analipa maua, nao wanayatupa majini moja moja yakaelea. Maua yanakwisha. Zimwi linamnyoshea binti mikono, na ghafula picha inakatika. Baadaye anaonekana baba akipita katika mji wenye shangwe za arusi, amebeba maiti ya mwanawe. Mtoto aliuliza kulikuwa na nini pale ziwani. Kaka alimnong'oneza jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua sawasawa, ila lilikuwa baya kuliko kufa maji. Neno lile likakaa moyoni mwa mdogo kama mwiba.

Mtaani mwao aliishi mchukuzi mmoja wa makaa ya mawe, mtu mrefu, mzito wa ulimi, mwenye viganja kama makafi. Watoto walimwita Frankenstein na kumkimbia. Baadhi yao walimtupia mawe. Katika majira ya joto yaliyofuata, mtoto yule alimwona mtu huyo akiinama na kumnyoshea mikono binti mdogo aliyekuwa chini kando ya njia. Hakungoja kuona zaidi. Alikimbia akipiga kelele, na wanaume walipomwuliza, aliwasimulia kwa ufasaha, mpaka mwisho, jambo ambalo hakuliona. Binti alikuwa ameanguka tu na kuchubuka goti, naye alilisema hilo baadaye. Lakini kipigo kilikuwa kimekwisha pigwa. Kabla ya mwezi kwisha mchukuzi alihama. Hakuna aliyemkemea mtoto. Wengine walimsifu kwa ukali wa macho yake.

Ilipita miaka zaidi ya thelathini. Mtoto alikuwa sasa mtu mzima, mwenye binti wa miaka tisa aliyetamani sana kukiona kilichopata kumtisha baba yake. Wakakodi kanda ya video. Baba alitazamia kucheka, maana hofu ya utotoni ikipimwa ukubwani aghalabu huwa kama kanzu iliyobana. Na kweli, mengine yalimchekesha: yule bwana anayetoka mbele ya pazia kuwaonya watazamaji, na kisa cha mtumishi anayeangusha ubongo mwema akaiba ubongo wa mhalifu. Hila hiyo haimo katika kitabu cha Mary Shelley cha mwaka 1818, nayo ni dhaifu, kwani inautwisha ubongo lawama iliyo ya watu.

Hakucheka tundu la dari lilipofunguliwa. Kiumbe kilichozaliwa gizani kinainua mikono kujaribu kuushika mwanga. Tundu linafungwa, na mikono ile inabaki ikiomba. Kisha anakuja mtumishi na mwenge, akikichokoza kwa moto. Utotoni alikuwa amesikia hapo ngurumo ya mnyama. Sasa alisikia kilio.

Walipofika ziwani picha haikukatika. Kipande kilichoondolewa katika picha ilipotolewa upya, baada ya kanuni za maadili za Hollywood kutiliwa nguvu mwaka 1934, kilikuwa kimerudishwa katika miaka ya 1980, naye hakuwa na habari. Maua yanakwisha, zimwi linavitazama viganja vyake vitupu, linamwinua binti na kumtupa yalipo maua, likidhani ataelea. Haelei. Zimwi linababaika, linaondoka likijikwaa kwa kiwewe. Wakataji walikusudia kuwahifadhi watu na ukatili. Wakawaachia mikono iliyonyoshwa, na kila mtu akamalizia kwa kadiri ya moyo wake.

Baba alisimamisha kanda, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Akairudisha mara ya tatu.

"Baba, halikujua," alisema binti.

"Halikujua, mwanangu."

Picha ilipofika kwenye kinu cha upepo, wanakijiji wakikichoma moto na zimwi limo ndani, binti aliuliza mbona hakuna aliyewaambia watu wale. Baba alijibu kuwa hakuna aliyekuwa ameona. Kisha akatoka sebuleni, akakaa jikoni bila ya kuwasha taa.

Usiku ule alimpigia kaka yake simu, akamwuliza kama alimkumbuka mchukuzi wa makaa. Kaka alimkumbuka vema: kofia yake, mwendo wake, gunia begani, na vumbi jeusi katika mikunjo ya shingo. Akaulizwa jina lake. Alifikiri kwa muda mrefu, akalitaja lile moja ambalo wote wawili walilijua.