Kutoka Nyeri hadi Ol Joro Orok

Nyeri huamka mapema kwa sababu ya mlima. Kirinyaga huonekana alfajiri, meno yake meusi na theluji kidogo pembeni, na kufikia saa tatu asubuhi mawingu yameshaufunika. Kwetu Tengeru, chini ya Mlima Meru, mwanamke anayetoka shambani hujitwika mzigo kichwani. Hapa bibi mzee huinama, kuni mgongoni, na ukanda wa ngozi uitwao mukwa umepita juu ya paji la uso. Baadhi ya wazee wamebaki na bonde dogo pale ukanda ulipokaa maisha yao yote. Nikiwaamkia kwa shikamoo hutabasamu, wakanipa mkono na kuushika kwa muda, maana hapa salamu ni mkono.

Kilichonivuta zaidi ni Israeli. Kwetu nako makanisa huitwa Bethel na Ebenezer, lakini Nyeri majina haya yametoka kanisani yakaingia sokoni: kinyozi ni Shalom, duka la mbolea ni Hebron, na matatu ya kwenda Karatina imebandikwa bendera ya Israeli kwenye kioo cha nyuma. Waumini wa Akorino hupita na vilemba vyao vyeupe, watu waliolisoma Agano la Kale kwa namna yao tangu miaka ya 1920. Mtu angedhani Wayahudi wanafahamika sana katika mji huu.

Katika hoteli moja ya chai na nduma niliketi meza moja na mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana mpole aliyenikaribisha kwa heshima. Tulipofika kwenye habari ya bendera zile alisema, "Mzee, hao ni watu wa Mungu. Ndiyo maana wameshika benki zote za dunia." Akanionyesha video kwenye simu yake. Hakuwa na chuki hata chembe, alikuwa akiwasifu. Lakini maneno ya ile video niliyatambua. Yanatoka katika uzushi uliochapishwa Urusi mwaka 1903 kwa jina la Itifaki za Wazee wa Sayuni, ambao gazeti la The Times la London liliufichua mwaka 1921 kuwa ni wa kughushi, na ambao Wanazi waliueneza hata hivyo. Umevuka karne nzima na kuingia katika simu ya kijana asiyewahi kusalimiana na Myahudi. Nadhani sifa ya namna hii ni hatari kwa sababu humwona Myahudi kama nguvu iliyojificha, wala si mtu mwenye duka, deni na watoto. Siku bei ya unga inapopanda, sifa hiyohiyo hugeuka shtaka.

Kilomita chache kutoka katikati ya mji, Mathari, kwenye eneo la wamisionari wa Consolata, Waitalia walijenga kanisa la kumbukumbu kwa ajili ya wafungwa wao wa vita. Mabaki ya mamia yao yamehifadhiwa ukutani, na pamoja nao Amedeo wa Aosta, aliyeongoza majeshi ya Italia Ethiopia, akasalimu amri mwaka 1941 na kufa Nairobi Machi 1942. Nilisoma majina yale taratibu. Ni vijana waliokufa mbali na mama zao, na nawasikitikia. Lakini serikali iliyowatuma ndiyo iliyopitisha sheria za ubaguzi mwaka 1938, ikawafukuza Wayahudi shuleni na jeshini, na wahadhiri wa Kiyahudi katika vyuo vikuu. Wenzao wasio Wayahudi walizirithi nafasi zao na masomo yakaendelea.

Jambo hilo la vyuo vikuu halikuniacha. Januari 20, 1942, wanaume 15 walikutana Wannsee, kando ya Berlin, kuratibu kuuawa kwa Wayahudi wote wa Ulaya. Wanane kati yao walikuwa na shahada ya udaktari. Kwa hiyo anayesema elimu peke yake ni kinga ya chuki hajaitazama orodha ya waliohudhuria kikao kile. Chuo kikuu kina sababu yake chenyewe ya kufundisha Holokosti: ni historia ya wasomi pia.

Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopewa jina la mpiganaji wa uasi dhidi ya Waingereza aliyekamatwa karibu na mji huu Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Karatina nako kuna chuo kikuu. Lakini darasa lililonigusa kuliko yote ni la sekondari. Shule ya Upili ya Mweru ilijengwa juu ya kambi ambamo Waingereza waliwafungia watu wakati wa Hali ya Hatari waliyoitangaza kupambana na uasi huo, na majengo kadhaa ya kambi bado yamesimama katikati ya shule. Vivyo hivyo Shule ya Wasichana ya Kangubiri, palipokuwa na kambi ya Aguthi. Watafiti vijana wa Kenya na Uingereza, wa Jumba la Makumbusho la Ukoloni wa Uingereza na African Digital Heritage, wamezipima kambi hizi na kuzijenga upya kwa kompyuta ili zionekane zilivyokuwa.

Eric Griffith-Jones, mwanasheria mkuu wa koloni, aliandika yeye mwenyewe kwamba namna mahabusu walivyotendewa ilikumbusha mambo ya Ujerumani ya Kinazi au Urusi ya Kikomunisti. Mwaka 1957 mtu huyohuyo aliandaa kanuni za kuruhusu vipigo. Majalada yaliyofichwa Uingereza yalijitokeza mwaka 2011, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitamka kusikitika na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228.

Kambi ya Mweru haikuwa Auschwitz. Wanazi walikusudia asibaki mtoto wa Kiyahudi hata mmoja popote mkono wao ulipofika, wakaua Wayahudi milioni sita, kati yao watoto wapatao milioni moja na nusu. Sioni heshima yoyote kwa wafu katika kuyapima mateso haya kwa mizani moja na kutangaza mshindi. Ninachokiona ni kwamba mwanafunzi aliyekua akipita kando ya chumba cha mahabusu, akajifunza kuuliza nani aliandika amri, nani alishika funguo, karatasi zilifichwa wapi, ameshapata nusu ya mbinu za kuichunguza Holokosti, na za kuikagua ile video ya kwenye simu.

Kigali wamekwenda mbele zaidi. Kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004 mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, ilisaidiwa na shirika la Aegis, lililoanzishwa na watu waliofungua kituo cha Holokosti Nottinghamshire, Uingereza, mwaka 1995. Mgeni akimaliza habari za Rwanda huingia ukumbi unaosimulia Waherero, Waarmenia, Wayahudi, Wakambodia na Wabosnia. Cape Town wana kituo chao tangu 1999, na Afrika Kusini somo hili limo katika mtaala wa shule. Kwetu Tengeru, ndani ya chuo cha mifugo, kuna makaburi ya wakimbizi wa Poland, wengi wao watu waliohamishiwa Siberia na Stalin na kufika kwetu kuanzia 1942. Kambi yao ilipata kuwa na watu kama 5,000. Nimekua karibu na makaburi hayo na hakuna mwalimu aliyetupeleka huko. Nyeri watoto wanaishi ndani ya kumbukumbu. Sisi tumeizungushia uzio.

Barabara ya Nyahururu hupita Mweiga, safu ya Aberdare ikiwa mkono wa kushoto, kisha unashuka kusini kuelekea Ol Joro Orok. Baridi ya huko huingia kwenye mifupa. Ni nchi ya viazi, karoti, njegere na kondoo, na asubuhi mitungi ya maziwa hupangwa kando ya njia. Hapa ndipo aliposimamia shamba la mlowezi Walter Zweig, mwanasheria wa Kiyahudi kutoka Leobschütz aliyezuiwa na Wanazi kufanya kazi yake, akakimbilia Kenya mwaka 1938. Mkewe na bintiye Stefanie wakamfuata. Vita vilipoanza mwaka uliofuata, Waingereza walimweka kizuizini kama Mjerumani adui, na wanawake na watoto wa namna yake wakapelekwa hotelini Nairobi, katika Norfolk, mali ya Abraham Block, Myahudi aliyekuja kutafuta maisha mwaka 1903. Jamaa wa akina Zweig waliobaki Ulaya waliuawa. Stefanie aliandika kisa hicho mwaka 1995, na filamu iliyotokana nacho, yenye Kiswahili kingi, ilipata Oscar mwaka 2003.

Nilisimama kwenye mashamba yale nikiwaza kwamba familia iliyokimbia sheria za rangi ilipewa hifadhi katika ardhi ambayo kwa sheria za rangi Mkikuyu hakuruhusiwa kuimiliki. Mhadhiri mwenye moyo anaweza kufundisha muhula mzima juu ya shamba hili moja.

Mbele kidogo ni Kasuku. Huko wako Wakikuyu wachache wanaoishika dini ya Kiyahudi na sinagogi lao dogo. Walitoka katika kanisa la kimasihi, wakajifunza, na baadhi ya vijana wao walikwenda Uganda kusoma kwa Abayudaya wa Mbale, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 ambayo Idi Amin aliipiga marufuku kuabudu. Wanalima viazi kama majirani zao na hawamiliki benki yoyote. Kutoka Nyeri ni safari ya asubuhi moja kwa matatu, kwa hiyo chuo chochote cha huku kinaweza kuwapeleka wanafunzi na kurudi kabla ya giza, mradi wawaombe wenyeji ruhusa mapema na wasichague Jumamosi, maana hiyo ni Sabato yao.