Ukucha wa Mjomba

Mjomba wangu hupima ukali wa kisu cha kukerezea kwa ukucha. Hukilaza juu ya ukucha wa kidole gumba, bila kukikandamiza, kisha hukisukuma kidogo. Kikiteleza, kinarudi kwenye jiwe. Kikishika, kinakwenda kwenye mashine. Zamani hakuhitaji hayo; alikiinua kwenye mwanga wa mlango akajua. Macho yamepungua.

Karakana yake iko Katesh, chini ya Mlima Hanang, na kazi nyingi anazoletewa ni za chuma: shafti za mashine za kusaga, pini za matrekta ya wakulima wa ngano. Chuma humsitiri fundi asiyeona vizuri. Kisu kikiwa butu kidogo, mashine itanung'unika, utaongeza nguvu, na kazi itatoka. Plastiki haimsitiri mtu.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani kutoka Dar es Salaam, ninakosoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo. Wakaja wazee wawili wa kamati ya maji ya kijiji kimoja upande wa Basotu, wameshika bushi za pampu ya mkono ya Afridev zilizolika hadi kuwa kama maganda. Pampu hizi zilijaribiwa Kwale, Kenya, miaka ya 1980, kwa nia kwamba wanakijiji wenyewe waweze kuzirekebisha. Nia njema, ila kipuri kikikosekana dukani, ndoo zinarudi korongoni. Walitaka tuwakerezee bushi nyingine kutoka kwenye kipande cha nailoni.

Mjomba alinyoosha mkono kwenye kabaidi, kisu chake cha kila siku.

“Mjomba, naomba tujaribu haispidi,” nikasema.

Kabaidi ya kukatia chuma ni ngumu, lakini ncha yake huviringwa kidogo makusudi isimeguke. Kwenye nailoni, huo mviringo haukati, unasugua, na kusugua ni joto. Nailoni hupitisha joto karibu mara 200 chini ya chuma cha kawaida, kwa hiyo joto linabaki palepale kwenye ncha. Nailoni 6 huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi, lakini kabla ya hapo imeshalainika na kutanuka. Unaipima ikiwa moto, kipimo kiko sawa, ikipoa, imesinyaa. Haispidi si ngumu kama kabaidi, ila hunoleka ikawa kali kweli: uso wa juu ulale nyuma, chini pabaki nafasi kubwa kuliko ya chuma, kisha kinoo chenye mafuta mpaka ing'ae, maranda yateleze. (Nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo ni habari nyingine. Hiyo huila haispidi upesi, na hapo kabaidi inarudi, ila ile kali ya kukatia alumini.)

Mjomba alinisikiliza, akanisogezea jiwe. “Noa wewe.”

Alisema kama anayeomba chumvi mezani. Tangu nikiwa mtoto sikuwahi kuona mtu mwingine akinoa visu vyake.

Nikanoa. Ukucha ukakikataa kisu mara mbili. Mara ya tatu hakusema neno, akakifunga kwenye mashine. Maranda yakatoka utepe mmoja mweupe, mrefu, naye akasimama ameinamisha sikio, akizima mashine kila utepe ulipotaka kujizungusha kwenye kazi.

Bushi tukaziacha zipoe usiku kucha. Asubuhi nikawa namsomea venia kwa sauti, yeye akiamua. Mimi nilitaka tundu libane shafti vizuri. Yeye akataka nafasi zaidi: nailoni inakunywa maji, mvua za masika zitakuja, na mpini ukikwama watoto hawataweza kupampu. Nailoni 6 ikilowa muda mrefu inaweza kufyonza maji hadi karibu asilimia 9 ya uzito wake. Tukafuata lake.

Saa nne wazee wakaondoka kwa bodaboda, bushi zimefungwa kwenye gazeti. Mjomba akafuta mashine, akaniuliza chuo kinafunguliwa lini.

Nikamwambia, Jumatatu.